Namba ya Fremu na Uhalisi wa Baiskeli ya Kale

Namba inayogongwa kwenye fremu ya baiskeli haikubuniwa kwa ajili ya wanahistoria wala wakusanyaji. Viwanda vya Uingereza vilivyoanza kuunda baiskeli kwa wingi katika robo ya mwisho ya karne ya 19 viliiweka kwa mahitaji ya kila siku: karani ajue ni fremu ngapi zimetoka kiwandani, muuzaji aitambue baiskeli inayorudishwa ikiwa bado ina dhamana, na mwenye mali awe na jambo la kumtajia polisi siku itakapoibwa. Mahitaji hayo yalikwisha pale dhamana ilipomalizika na vitabu vya makarani vilipotupwa, lakini namba ilibaki kwenye chuma, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 ikatwishwa kazi ambayo walioigonga hawakuifikiria, yaani kuthibitisha kwamba baiskeli fulani ni ya mwaka fulani na ya kiwanda fulani, na kwamba sehemu zake ni zile zile ilizotoka nazo. Hali hiyo ya mwisho, ya baiskeli kubaki na sehemu zilizofungwa kiwandani bila kubadilishwa, ndiyo inayoitwa uhalisi, nayo ndiyo inayopandisha au kushusha bei. Kwa kuwa namba peke yake haiwezi kuishuhudia, waliojaribu kuithibitisha wamelazimika kujifunza kusoma mambo mengine mengi, na ushahidi wa mambo hayo mara nyingine umeipinga namba yenyewe.

Mfano unaofaa kuanza nao ni Raleigh ya Nottingham, kwa sababu ya ukubwa wake na kwa sababu bidhaa zake zilifika karibu kila pembe ya dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Kampuni hiyo ilianza kama karakana ndogo ya Woodhead, Angois na Ellis iliyokuwa Raleigh Street katikati ya miaka ya 1880. Frank Bowden, Mwingereza aliyekuwa amejipatia utajiri Hong Kong na aliyeshauriwa na daktari kuendesha baiskeli kwa ajili ya afya yake, alivutiwa na kazi ya karakana hiyo, akaingiza mtaji wake, na mnamo Desemba 1888 ikawa kampuni kamili. Kizazi kimoja tu baadaye jina la mtaa huo lilikuwa limekuwa jina la biashara, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 viwanda vya Nottingham vilivuka baiskeli milioni moja kwa mwaka. Alan Sillitoe, mwandishi aliyefanya kazi humo akiwa kijana, aliyatumia mazingira ya kiwanda hicho katika riwaya yake ya mwaka 1958 kuhusu fundi wa mashine anayelipwa kwa idadi ya vipande anavyomaliza, na anayesoma riwaya hiyo ataelewa upesi kwa nini mtu aliyegonga namba kwa kasi ya malipo ya namna hiyo hakuwa akiandika kumbukumbu za taifa.

Uzalishaji wa kiasi hicho ndio uliozifanya namba za Raleigh kuwa ngumu kuzisoma. Namba ziligongwa mahali tofauti kulingana na aina na kipindi: nyingine kwenye kiungio cha chuma kilicho chini ya siti, nyingine nyuma ya bomba la siti, nyingine chini ya kikombe kinachobeba ekseli ya pedali, na nyingine kwenye kipande cha nyuma kinachoshika ekseli ya gurudumu. Mfululizo ulipofika kikomo ulirudi mwanzo, mara ukiongezewa herufi mbele au nyuma, na mifululizo zaidi ya mmoja iliweza kwenda sambamba, hivyo namba kubwa si lazima iwe ya baadaye kuliko namba ndogo. Kumbukumbu za kampuni zilizohifadhiwa katika Nottinghamshire Archives hazifuniki uzalishaji wote, na orodha zinazozunguka miongoni mwa wakusanyaji, ambazo nyingi zimekusanywa kwa kulinganisha namba za baiskeli zilizosalia na tarehe za sehemu zake, ni za kukisia zaidi kuliko zinavyoonekana. Orodha iliyopangwa kwa safu nadhifu za miaka na namba huwa na mamlaka fulani machoni pa msomaji, na mamlaka hayo aghalabu yanazidi ushahidi ulioijenga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 utaratibu ulibadilika na kuwa wa kueleweka zaidi, kwa sababu namba zilianza kutanguliwa na herufi mbili, ya kwanza ikitaja kiwanda na ya pili ikitaja kipindi ndani ya mwaka, kisha ikafuata tarakimu ya mwisho ya mwaka wenyewe. Herufi N ilisimamia Nottingham, na W ilisimamia Worksop, mji wa jirani ambako Raleigh ilikuwa ikitengeneza baiskeli za mbio chini ya jina la Carlton. Tatizo la utaratibu huo liko wazi: tarakimu moja inarudi kila baada ya miaka 10, na 4 inaweza kuwa 1974 au 1984. Hapo historia ya kiwanda inaisaidia namba, kwa kuwa kiwanda cha Worksop kilifungwa mwaka 1981, na kwa hiyo fremu yenye W na 4 haiwezi kuwa ya 1984. Mfano huu mdogo unaonyesha tabia ya jumla ya ushahidi wa namba, ambayo ni kwamba ina uwezo mkubwa wa kukanusha na uwezo mdogo wa kuthibitisha, maana inaweza kusema kwa uhakika kile ambacho baiskeli si, huku ikiacha wazi mambo kadhaa ambayo inaweza kuwa.

Kwa baiskeli za Kiingereza zenye gia, ushahidi ulio bora kuliko namba ya fremu uko kwenye habu ya gurudumu la nyuma. Sturmey-Archer, kampuni dada ya Raleigh iliyotokana na hataza za mwaka 1902 na kuanza kuuza habu zake za gia tatu mwaka 1903, ilificha gia ndani ya habu yenyewe kwa mfumo wa meno madogo yanayozunguka jino la katikati, kama sayari zinavyolizunguka jua, na hivyo mwendeshaji akapata gia ya kawaida, gia inayozidi hiyo kwa theluthi moja na gia inayopungua kwa robo. Majina mawili ya kampuni ni ya Henry Sturmey na James Archer, ingawa mhandisi aliyechangia sana, William Reilly, hakutajwa kwenye jina wala kwenye hataza moja muhimu kwa sababu ya mkataba uliomfunga na kampuni nyingine. Ni mojawapo ya visa vingi ambapo jina lililopigwa kwenye chuma halielezi ni nani aliyefanya kazi. Aina iliyoitwa AW, iliyotoka mwaka 1936, ilitengenezwa kwa miongo mingi bila mabadiliko makubwa, na kwenye ganda lake ziligongwa tarakimu za mwaka, ambazo baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilifuatwa na tarakimu ya mwezi. Habu yenye alama 58 na 3 ilitoka Machi 1958, na hapo hakuna orodha ya kutafuta wala kitabu cha karani cha kusubiri.

Urahisi huo umewapotosha wengi. Tarehe iliyo kwenye ganda ni ya ganda, si ya baiskeli. Habu zilikaa ghalani kwa miezi kabla ya kufungwa, na gurudumu lililopinda lilibadilishwa lote pamoja na habu yake. Zaidi ya hayo, kwa kuwa sehemu za ndani za AW ziliweza kuhamishwa kutoka ganda moja hadi jingine, fundi aliyekuwa na habu mbili mbovu alitengeneza moja nzima, ambayo ganda lake ni la mwaka mmoja na utumbo wake ni wa mwaka mwingine. Wathibitishaji makini wamechukua kanuni ambayo wanaakiolojia huitumia kwa sarafu zinazofukuliwa: kitu hakiwezi kuwa cha kabla ya sehemu yake mpya kuliko zote, mradi iwe imehakikishwa kwamba sehemu hiyo ilikuwemo tangu mwanzo. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalorudisha uchunguzi kwenye vitu vidogo.

Miongoni mwa vitu vidogo hivyo, idadi ya spoki inastahili kutajwa kwanza. Kwa desturi ya Uingereza, baiskeli za kawaida za kipindi kirefu cha karne ya 20 zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa hoja ya haki kabisa kwamba uzito wa mwendeshaji unakaa zaidi nyuma, ilhali viwanda vya Marekani na vya bara la Ulaya vilipendelea 36 kwa 36. Gurudumu la nyuma lenye matundu 36 kwenye baiskeli inayodaiwa kuwa ya Nottingham ya mwaka 1950 ni sababu tosha ya kusita, hata kama rangi, namba na nembo vyote vinapatana. Lipo pia suala la uzi wa skrubu, yaani mikato inayozunguka bomba au kikombe ili kipande kimoja kikazwe ndani ya kingine: Raleigh ilishikilia kipimo chake cha mikato 26 kwa inchi kwenye kikombe cha ekseli ya pedali, wakati washindani wake wengi wa Uingereza walifuata mikato 24. Hakuna anayebuni uongo kwa kukata uzi upya, kwani ni kazi kubwa isiyoonekana na mnunuzi, na kwa sababu hiyo uzi ni shahidi mwaminifu kuliko nembo.

Nembo na stika ndizo mashahidi dhaifu kupita zote. Nembo ya shaba yenye ndege korongo, iliyofungwa kwenye bomba la mbele la Raleigh nyingi, inaweza kung'olewa kwenye fremu mbovu na kupachikwa kwenye nzuri. Stika za Reynolds 531, aina ya mabomba ya chuma chenye manganizi na molibdenamu yaliyoingia sokoni mwaka 1935 kutoka Birmingham, huchapishwa upya leo na kuuzwa kwa yeyote, na fremu ya mabomba ya kawaida inaweza kuvishwa cheo ambacho haikuzaliwa nacho. Rangi, kinyume chake, inasema mengi kwa anayejua mpangilio wa kazi kiwandani. Mabomba yaliunganishwa kwa kutumbukizwa kwenye shaba ya njano iliyoyeyushwa, fremu ikasafishwa na kugongwa namba, ikatibiwa kwa kemikali ya kuzuia kutu, ikatumbukizwa kwenye rangi nyeusi na kuokwa ndani ya tanuri, kisha ikachorwa mistari ya dhahabu kwa mkono, ikabandikwa maandishi na kupakwa vanishi. Kwa mpangilio huo, namba halali hukaa chini ya rangi: kingo zake ni laini, na ndani ya mikato yake kuna rangi ile ile ya fremu. Namba ambayo imeipasua rangi, yenye kingo kali na chuma kinachong'aa ndani yake, iligongwa baada ya tanuri, na sababu ya kufanya hivyo inaweza kuwa ya haki, kwa mfano polisi au chama cha bima kilichoweka alama yake, au inaweza kuwa ya wizi. Mahali palipopigwa msasa hadi pakabonyea, tarakimu zisizo na ukubwa mmoja, na mstari unaopanda na kushuka mahali ambapo kifaa cha kiwanda kingeunyoosha, vyote humfanya mchunguzi aulize zaidi, ingawa haki inataka ikumbukwe kwamba wafanyakazi wa kiwanda nao waligonga mistari iliyopinda.

Historia ya kuungana kwa makampuni iliongeza utata ambao wakusanyaji wa jina moja tu hawaupendi. Raleigh ilichukua baiskeli za Humber mwaka 1932, Rudge-Whitworth mwaka 1943 na baiskeli za BSA mwaka 1957. Mwaka 1960 kundi zima likaunganishwa na mali ya Tube Investments, iliyokuwa ikimiliki Phillips na Hercules. Kabla ya hapo, Humber ilijulikana kwa foku yake ya mabomba mawili kila upande, na Rudge kwa sahani ya mnyororo yenye umbo la mkono. Baada ya hapo, fremu zilizotoka kwenye mstari mmoja wa uzalishaji ziliweza kupewa majina tofauti kulingana na soko na muuzaji. Mtu anayesisitiza kwamba Humber yake ya miaka ya 1960 ni Humber halisi yuko sahihi kwa maana ya nembo na yuko mbali na ukweli kwa maana ya kiwanda, na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba ushahidi unaomponza ni ule uzi wa mikato 26 ambao Humber ya zamani isingekuwa nao.

Baiskeli hizo ziliingia Afrika Mashariki kwa idadi kubwa hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zikiuzwa na wafanyabiashara wa Kihindi katika maduka ya miji na ya vituo vya reli, na kununuliwa na watu waliopata fedha taslimu kutokana na mazao ya biashara, kama vile wakulima wa pamba wa Buganda na wa Usukuma. Aina iliyotawala ilikuwa ile nzito ya magurudumu ya inchi 28, yenye breki za vyuma vinavyovuta vipande vya mpira juu dhidi ya rimu, na Raleigh iliitangaza kama baiskeli ya chuma tupu. Bango lake linalojulikana sana, la Mwafrika anayekanyaga pedali kwa nguvu huku simba akimfukuza, linaeleza zaidi fikra za ofisi ya matangazo ya Nottingham kuliko hali ya barabara za Tabora au Jinja. Kwa mthibitishaji, jambo kubwa ni kwamba nyingi ya baiskeli hizo hazikuwa na gia, hivyo habu ya AW yenye mwaka na mwezi haimo, na mchunguzi anarudishwa kwenye namba ya fremu yenye orodha pungufu.

Jambo la pili ni matumizi. Baiskeli iliyobeba maziwa, mkaa, mikungu ya ndizi na, katika mpaka wa Busia ambako biashara ya bodaboda ilianza, abiria kwa ujira, haikuwa na nafasi ya kubaki na vitu vyake vya kiwandani. Fundi aliongeza bomba la pili la juu, akachomelea keria ya nondo, akaimarisha foku, na kila kilichochakaa akakibadilisha kwa kilichopatikana. Vilivyopatikana vilifaa, kwa sababu viwanda vya India vilivyoanzishwa baada ya uhuru wa nchi hiyo, kama Atlas ya Sonipat mwaka 1951 na Hero ya Ludhiana mwaka 1956, pamoja na vile vya China vilivyozalisha Phoenix, Forever na Flying Pigeon, vilijenga kwa vipimo vya baiskeli hiyo hiyo ya Kiingereza. Jina la Raleigh lenyewe lilitengenezwa pia Asansol, katika Bengali ya Magharibi, na kampuni ya Sen-Raleigh, hivyo neno Raleigh kwenye bomba si hati ya Nottingham. Soko la Ulaya huiita baiskeli ya namna hii mchanganyiko na kuishusha bei. Hukumu hiyo inamfaa mnunuzi, lakini kwa historia ni ya kijuujuu, kwa sababu fremu ya Nottingham yenye rimu za Ludhiana, pedali za Shanghai na keria iliyochomelewa Shinyanga imehifadhi kumbukumbu ya biashara ya nusu karne katika bahari ya Hindi, na baiskeli iliyokaa ndani ya banda huko Derbyshire bila kuguswa imehifadhi kumbukumbu ya banda.

Chicago inatoa mfano wa aina nyingine. Ignaz Schwinn, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliunda kampuni yake pamoja na Adolph Arnold mwaka 1895, na kampuni hiyo ilibaki mikononi mwa ukoo wake hadi ilipofilisika mwaka 1992, miaka 9 baada ya kiwanda chake cha Chicago kufungwa. Kuanzia 1952 hadi 1970 namba ya Schwinn iligongwa upande wa kushoto, kwenye kipande cha nyuma kinachoshika ekseli, na tangu 1970 ikahamia kwenye bomba la mbele. Kuanzia mwaka 1965 ilitanguliwa na herufi mbili, ya kwanza ikitaja mwezi kuanzia A kwa Januari, na ya pili ikitaja mwaka kuanzia A kwa 1965, huku herufi I ikirukwa ili isichanganywe na tarakimu 1. Namba inayoanza na DE ni ya Aprili 1969. Usomaji ni rahisi, na pengine ni rahisi mno, kwa kuwa kilichogongwa ni kipande kabla hakijawa fremu, nacho kiliweza kukaa kwenye sanduku kwa majuma kadhaa kabla ya kuunganishwa. Kiwanda kilipoanza, katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, kugonga tarakimu nne kwenye nembo ya mbele, tatu za kwanza zikiwa siku ya mwaka na ya mwisho ikiwa mwaka, ilionekana wazi kwamba tarehe ya nembo na tarehe ya namba hazilingani. Alama 2316 ina maana ya siku ya 231 ya mwaka 1976, yaani siku ambayo baiskeli ilikuwa karibu kukamilika, na wale waliodhani kwamba namba ya fremu ndiyo siku ya kuzaliwa wakajifunza kwamba ni siku ya kupigwa muhuri kwa kipande cha chuma.

Suala la uhalisi limekuwa kali zaidi kwa Schwinn kutokana na Sting-Ray, baiskeli ndogo ya watoto iliyotoka mwaka 1963 ikiwa na siti ndefu kama ya pikipiki na hendeli zilizopanda juu, na hasa kwa ndugu zake wa bei kubwa walioitwa Krate. Orange Krate, Apple Krate na Lemon Krate zilitoka mwaka 1968, Cotton Picker ikafuata mwaka 1970, na familia nzima ikaachwa baada ya 1973. Zilikuwa na gurudumu dogo la inchi 16 mbele, la inchi 20 nyuma, na foku yenye springi. Lakini fremu yake ilikuwa ile ile ya Sting-Ray ya kawaida, na namba haikutaja aina ya baiskeli. Kwa hiyo Sting-Ray ya bei nafuu ikifungwa foku, gurudumu na siti ya Krate, hakuna herufi wala tarakimu kwenye fremu itakayoifichua. Kitakachoifichua ni tarehe tu: fremu yenye DC, yaani Aprili 1967, haiwezi kuwa Orange Krate, na namba ya mwaka 1967 iliyogongwa kwenye bomba la mbele haiwezi kuwa kazi ya kiwanda. Pale tarehe inaporuhusu, mchunguzi anabaki na uchakavu: je, kutu iliyo kwenye foku inafanana na iliyo kwenye hendeli, je, alama za skrubu kwenye rangi zinaonyesha kipande kimoja au viwili vimewahi kukaa hapo, je, mwaka uliopigwa kwenye kranki unakubaliana na herufi za fremu. Mtu asiyetaka kuuliza maswali hayo ni afadhali anunue baiskeli kwa kuipenda, si kwa jina lake.

Baiskeli za mbio za Italia zinafuata njia ya tatu, ambayo inaweza kuelezwa kwa ufupi. Mafundi wake wengi wa miaka ya 1960 na 1970 hawakuweka namba ya mfululizo hata kidogo. Kilichogongwa chini ya kikombe cha pedali kilikuwa ukubwa wa fremu kwa sentimita, na 57 iliyosomwa na mnunuzi kama mwaka ni kipimo cha bomba la siti. Tarehe hutafutwa kwenye vifaa vya Campagnolo, kampuni iliyoanzishwa Vicenza mwaka 1933, ambayo nati za kufungia habu zake zilipigwa tarakimu mbili za mwaka, na ambayo kibadilisha gia chake cha nyuma cha Nuovo Record, kilichotoka mwaka 1967, kilianza baada ya miaka michache kubeba neno la hataza likifuatwa na mwaka. Hata hivyo vifaa hivyo vilihamishwa kutoka fremu hadi fremu na wakimbiaji wenyewe, waliobadilisha fremu kila msimu na kubaki na vyuma vyao vizuri.

Haja ya kuuliza maswali yote haya ilikua pamoja na taasisi za wapenzi wa baiskeli. Chama cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1955, kinachojulikana leo kama Veteran-Cycle Club, kilikusanya vitabu vya bei, matangazo na namba kutoka kwa wanachama, na kwa njia hiyo kikajenga mamlaka ya kukadiria miaka ambayo viwanda vyenyewe havikuwa nayo tena. L'Eroica, safari ya baiskeli za kale iliyoanza mwaka 1997 huko Gaiole in Chianti, iliweka kikomo cha 1987 kwa baiskeli zinazoruhusiwa na kudai vibadilisha gia vya kwenye bomba la chini, waya za breki zinazopita nje ya hendeli na pedali zenye vizimba na mikanda. Kikomo cha aina hiyo ni lazima kiwekwe mahali fulani, lakini kimekuwa na matokeo yake: fremu ya 1986 imepanda thamani kuliko ya 1988 ambayo iliundwa na mikono ile ile, na namba ambayo haikuwa na maana kwa yeyote sasa inachunguzwa kwa kioo cha kukuza.

Mgogoro ambao haujaisha ni kati ya wanaofufua na wanaohifadhi. Wa kwanza huchubua rangi ya zamani, hupaka upya, hupaka kromu upya na kubandika stika mpya, na baiskeli hutoka ikiwa safi kuliko ilivyowahi kuwa hata siku ya kwanza dukani. Wa pili huiacha na mikwaruzo yake, kwa hoja kwamba rangi ya tanuri ikishaondolewa, ushahidi wa mpangilio wa kazi, yaani namba chini ya rangi, mstari wa mkono juu yake na vanishi juu ya yote, huondoka na haurudi. Hoja ya wahifadhi ina uzito zaidi, japo si kwa kila baiskeli, kwa kuwa fremu iliyoliwa na kutu haina cha kuhifadhiwa. Viwanda navyo vimeingia katika mgogoro huo bila kukusudia: Schwinn ilitoa upya Phantom, iliyokuwa fahari yake ya mwaka 1949, kampuni ilipotimiza miaka 100 mwaka 1995, na Raleigh ilitoa upya Chopper mwaka 2023, na siti, stika na madigadi yaliyotengenezwa kwa ajili ya nakala hizo yanaingia pia kwenye baiskeli za zamani. Ndiyo maana maelezo ya mnada ya kuaminika siku hizi huepuka neno halisi na kuandika moja moja: fremu ya Nottingham ya takriban 1958 kwa ushahidi wa uzi na rangi, habu ya Machi 1961, magurudumu ya spoki 32 na 40, siti ya baadaye, nembo imefungwa upya.